Mwaka Nilipomsubiri Sefu Aseme

Mwezi uliopita nilialikwa Kasulu kwenye harusi ya binti wa Sefu Ramadhani, nikaenda na miguu yangu hii inayovimba garini, kwa sababu iko mialiko ambayo mtu haikatai hata kama anatembelea fimbo. Sefu sasa ana miaka hamsini na kitu na kitambi cha heshima, na alipopewa kipaza sauti aseme maneno mawili kama mzazi, alisema maneno elfu mbili. Alimshukuru kila mtu, wapishi, madereva, fundi wa umeme, akasimulia jinsi binti yake alivyozaliwa, kisha akarudia tena pale ambapo hatukucheka vya kutosha. Mshereheshaji alimzunguka mara tatu akimwonyesha saa. Watu walianza kunong'ona kwamba wali unapoa. Mimi nilikuwa meza ya tatu nabubujikwa na machozi, mpaka msichana aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama presha imepanda. Nilimwambia hapana, mjukuu wangu, nasikiliza tu. Ningemsikiliza mpaka asubuhi! Nani pale ukumbini angeamini kwamba huyo bwana, mwaka wa sabini na sita, alikuwa na miaka miwili na nusu na hajawahi kutamka hata neno moja?

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Kibondo kuja kufundisha chekechea mjini Kasulu, na habari za kwetu Murungu nitaziacha, maana zinafanana na za kila mtu. Nilipanga chumba cha uani kwa Bwana Ramadhani, mwenye duka, mtu mpole mwenye asili ya Ujiji, aliyependa redio yake kuliko wateja wake. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza isiyotulia na dirisha dogo lililotazama jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo upande wa pili wa ua, hatua kumi tu, kwa hiyo nilijua wanapika nini kabla wao hawajajua. Asubuhi uji, mchana ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku gari la Kigoma likifika, migebuka, samaki wa ziwani. Harufu ya mawese yakichemka bado inanirudisha kwenye dirisha lile. Nikiisikia hata kwenye hoteli, huwa nageuka kutafuta ule ua.

Mke wa Bwana Ramadhani aliitwa Halima, na wote tulimwita Mama Sefu. Alikuwa Mha kama mimi, kutoka kijiji kimoja huko juu, ameolewa na kusilimu akiwa na miaka kumi na saba. Sijapata kumwona mwanamke mwenye mikono myepesi kama yake, wala mwenye kinywa kizito kama chake. Ukimsalimia anatabasamu na kuinamisha kichwa. Ukimuuliza jambo anajibu kwa neno moja, kisha anajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Juma langu la kwanza aliniambia, "Mwarimu, maji ya kuoga yako tayari," akitamka kama tunavyotamka sisi watu wa milimani, nami nikacheka. Nilikuwa nimetoka mafunzoni, ulimi wangu umenyooshwa kwa fimbo ya mkufunzi, nikajiona mtu wa maana sana. Nilicheka kidogo tu, lakini nilicheka, na kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hakuniambia tena neno. Alikuwa akiiweka ndoo mlangoni na kuondoka. Aibu ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

Mtoto wao wa pekee alikuwa Sefu. Alikuwa na macho ya kuchungulia kila kitu na vidole vya kuonyesha. Akionyesha mtungi, anapewa maji. Akionyesha kapu, anapewa ndizi. Akikunja uso, baba mzima anaacha mteja dukani na kuja kumbeba. Mgeni akiingia na kumsalimia, kabla mtoto hajapumua, mtu mmoja nyuma yake anaitikia kwa niaba yake, ili mgeni asije akaona amedharauliwa. "Hajambo huyu, hajambo, shikamoo!" Ndivyo tulivyofanya sote, mimi nikiwemo. Majirani walikuwa na dawa zao. Mmoja alisema ulimi umefungwa chini, ukatwe kwa wembe. Mwingine alisema alishwe makombo ya ndege. Mimi, mtaalamu wa miezi minane, niliamua kwanza kupima masikio. Nilijificha nyuma yake nikaangusha mfuniko wa sufuria, akaruka. Halafu Bwana Ramadhani akafungua kopo la sukari kule dukani, taratibu kabisa, na Sefu akaondoka mbio kabla mimi sijasikia chochote. Masikio yalikuwa mazima.

Siku ya Idi ndogo alikuja Bi Zuhura, mama yake Bwana Ramadhani, kutoka Ujiji. Alikuwa mwanamke mrefu, mnadhifu, mwenye sauti iliyofika kila chumba bila kuitwa. Alimkalisha Sefu kwenye paja lake sebuleni, akamwambia, "Haya mjukuu wangu, sema: shikamoo bibi." Sefu alimwonyesha sahani ya tambi. Bi Zuhura alirudia mara tano, kisha akamshusha. Mimi nilikuwa kizingitini na birika la chai, na nilisikia yote. "Ramadhani mwanangu," alisema, "mtoto huyu anaharibika mbele ya macho yenu. Mwenzake wa jirani yangu ana miaka miwili anasoma Alhamdu. Nakupeni mpaka Idi kubwa. Nikija nikamkuta hivi hivi, naondoka naye, nitamlea mwenyewe Ujiji." Bwana Ramadhani alitazama mkeka. Mama Sefu alikuwa amesimama kwenye mlango wa kwendea jikoni na sinia mkononi. Aliliweka chini, akarudi jikoni.

Kati ya Idi na Idi kuna kama siku sabini. Nilizihesabu jioni ile kwa vidole, nikaingiwa na joto la ajabu kifuani, joto la ujana, la kuamini kwamba hakuna lisilowezekana mradi mtu awe na chaki. Nilimwendea Bwana Ramadhani dukani nikamwambia, "Niachie mimi." Alizima redio, jambo ambalo si dogo. "Mwalimu," alisema, "ukimfanya aseme, kodi ya chumba usinitajie tena." Nikamwambia sitaki habari ya kodi, nataka mtoto.

Nilianza vibaya, tena kwa bidii. Kila mchana baada ya chekechea nilimkalisha Sefu kwenye kigoda na kuinua vitu kimoja kimoja. Sema: kikombe. Sema: kijiko. Sema: sabuni. Nilisema kwa sauti, nilisema kwa kunong'ona, niliimba. Sefu alinitazama kwa huruma. Wiki ya pili alianza kuufumba mdomo mara tu anaponiona na kijiko, na wiki ya tatu alijificha chini ya kitanda cha baba yake, nikalala kifudifudi sakafuni nimeshika sabuni, nikimbembeleza. Mwanamke mzima, mwalimu wa serikali! Nikikumbuka nacheka peke yangu, lakini siku zile nilikuwa nakwenda chumbani kwangu kulia. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha, na mtoto alikuwa amenyamaza kuliko nilivyomkuta.

Halafu mvua zikaanza. Siku moja ilinyesha kubwa hivi kwamba paa la chekechea likaanza kuvuja, tukawarudisha watoto kwao mapema. Niliingia uani nimejifunika gunia kichwani, na kishindo cha mvua kilikuwa kimezima hatua zangu. Jikoni nikasikia mwanamke anaongea. Anaongea kwa kasi, kwa mbwembwe, kwa Kiha kitamu cha milimani ambacho sikuwa nimekisikia tangu nitoke kwetu, anauliza, anajijibu, anagomba, anacheka. Nilidhani amepata mgeni. Nilichungulia. Alikuwa Mama Sefu, peke yake na mwanawe, anamenya mihogo, na aliyekuwa akizungumza naye ni kuku. Kuku mwekundu wa kutaga, amekimbia mvua, amesimama kwenye kona anakung'uta mabawa. Mama Sefu alikuwa akimsuta: unatoka wapi saa hizi, ulimwacha nani na mayai, wanawake wenzako wako nyumbani kwao, wewe unazurura na jogoo wa watu. Na Sefu, jamani, Sefu alikuwa amekaa kwenye ukuni, mdomo wazi, anamtazama mama yake usoni, na midomo yake ilikuwa ikichezacheza!

Nilikosa uvumilivu nikaingia. Mama Sefu alinyamaza hapo hapo na kuvuta kanga mdomoni. "Mama Sefu," nikamwambia kwa Kiha, "mbona huongei na mtoto hivyo?" Aliponijibu, alijibu kwa Kiha, na nikasikia kwa mara ya kwanza sentensi yake ndefu. Alisema Sefu alipozaliwa, mama mkwe alimkataza kumsemesha Kiha, kwamba kitamharibu ulimi, mtoto wa watu wa Ujiji asije akaongea kama mchunga mbuzi. Akajaribu kumsemesha Kiswahili. Lakini akifungua mdomo, wageni wa dukani wanacheka, mawifi wanacheka. "Na wewe ulicheka, Mwarimu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Basi nikaona bora nikae kimya, nimlishe, nimuogeshe, maneno atayapata kwa wanaoyajua."

Miaka miwili na nusu! Nilikaa kwenye gunia la mkaa. Baba yuko dukani tangu alfajiri, na ua mzima hauna mtoto mwingine, na mama, mtu pekee aliyekuwa na Sefu tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, alikuwa amefungwa mdomo kwa amri. Mtoto alikuwa amejifunza lugha ya nyumba ile sawasawa kabisa: vidole, macho na kunyamaza. Nami chekechea nilikuwa nikiwaadhibu watoto wa Kasulu kwa kusema Kiha, nawasimamisha kwenye kona. Niliomba radhi palepale, kwa kicheko changu na kwa mengine. Mama Sefu alinitazama, akacheka kidogo, akanipa muhogo mmoja na kisu. Tukamenya pamoja. Nilikuwa na furaha inayotaka kupiga kelele, kwa sababu sasa nilijua.

Tulianza asubuhi iliyofuata, wanawake wawili wenye siri. Sisi Waha salamu yetu haiishi kwa neno moja. Unachutama kidogo, unapiga makofi mepesi, unasema "Mwakeye," na mwenzako naye anapiga makofi na kuitikia, kisha mnaulizana watu, mashamba, mifugo, mpaka mtu mwenye haraka akasirike. Salamu hiyo haiendi mbele kama mmoja hajaitikia. Nikamwambia Mama Sefu: utamsalimia mwanao kama unavyomsalimia mtu mzima, halafu tutangoja, na hakuna mtu atakayemwitikia. Na siku nzima, chochote unachofanya, mwambie kama unavyomwambia kuku. Akauliza, "Na akilia?" Nikamwambia alie. Hilo la mwisho lilimwumiza, nami liliniumiza zaidi kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya kwanza alipiga makofi, akasema "Mwakeye, Sefu," na Sefu akaonyesha mtungi. Tukangoja. Sijui kama mnajua uzito wa kungoja mtoto. Koo langu lote lilikuwa linataka kuitikia. Mama Sefu alining'ang'ania mkono mpaka kucha zikaniingia. Siku ya nne Sefu alipiga makofi. Makofi tu! Nilikimbia chumbani nikajitupa kitandani nikauma mto ili dukani wasisikie. Siku ya tisa alipiga makofi akatoa pumzi yenye sauti ndani yake. Mama Sefu naye alikuwa amefunguka kama bomba lililozibuliwa. Nikiwa dirishani kwangu nikisahihisha michoro ya watoto, nilisikia safari nzima ya maharage: yalikotoka, nani aliyapanda, kwa nini hili limetobolewa, mdudu wake ameenda wapi. Uongo mwingi, na vichekesho ambavyo siwezi kuviandika. Nilianza kuchelewa chekechea kwa sababu ya kusikiliza. Na kule chekechea niliacha kuwasimamisha watoto kona. Mwalimu mkuu aliniuliza sababu, nikamwambia kona inavuja, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Wiki ya sita, mchana, kuku mwekundu aliingia jikoni na Sefu akasema, "Nkoko." Alisema wazi, kama mtu anayetoa taarifa. Inkoko ni kuku, kila mtoto wa Mha anaijua. Mama Sefu aliacha mwiko kwenye ugali. Nilikuwa naingia getini na madaftari, na yalitawanyika uani pote. Tulishikana tukaruka, tukamzunguka yule kuku, akakimbia, Sefu akamfuata akipiga kelele, "Nkoko! Nkoko!" na ugali ukaungua, tukala ulioungua. Jioni ile, Bwana Ramadhani aliponikuta nikiteka maji kisimani alisimama kidogo. "Mwalimu," alisema, "mlango wa nyuma ya duka ni mbao nyembamba. Nasikia kila kitu." Nikaganda na kamba mkononi. Alitazama kibanda cha jiko. "Sikujua mke wangu ni mcheshi namna hii," akasema, akaenda zake. Sikujua amekubali au amekasirika.

Idi kubwa ikafika na Bi Zuhura akafika, siku moja kabla, na mkoba mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Tuliuona sote. Sefu alikuwa na maneno kama kumi na mawili, yote ya Kiha, yote ya jikoni. Tulikula sebuleni, wali na migebuka aliyokuja nayo Bi Zuhura mwenyewe, na baada ya kunawa alimvuta Sefu mbele yake. "Haya, baba. Sema: shikamoo bibi." Sefu alitazama mlango wa kwendea jikoni. Bibi alirudia mara ya pili, ya tatu. Sefu akarudi kwenye vidole vyake vya zamani, akaonyesha mtungi. Nilitaka kupiga kelele kwamba anasema, nawaapia anasema! Lakini ningesema anasema nini, na kwa amri ya nani? Bi Zuhura alishusha pumzi, na kwa haki yake niseme hakufurahi. "Basi," alisema. "Ramadhani, nitieni nguo zake mkobani. Gari ni kesho kutwa."

Mama Sefu aliingia. Kanga haikuwa mdomoni. Alipita mbele ya mama mkwe wake bila kuinama, akachutama mbele ya mwanawe, akapiga makofi. "Mwakeye, Sefu." Bi Zuhura alifungua mdomo, na Bwana Ramadhani, mtu wa kutazama mkeka, akainua mkono na kumzuia mama yake. Tukangoja. Tulingoja mpaka nikasikia maji yakidondoka kwenye birika la kunawia. Sefu akapiga makofi. "Keye!" akasema. Kisha, kwa kuwa salamu lazima iendelee na habari za mifugo, akanyoosha kidole uani na kutangaza, "Nkoko!"

"Kiha," akasema Bi Zuhura. "Nilikataza Kiha nyumba hii."

Mama Sefu akasimama. Alisema kwa Kiswahili, kile kile chake cha milimani, na safari hii hakukiharakisha. "Mama, urikataza, nikakutii. Nirinyamaza miaka miwiri na nusu. Mtoto akanyamaza na mimi. Sasa sinyamazi tena. Wacheke wanaocheka. Mtoto haendi."

"Endi!" akasema Sefu, kwa nguvu zote. Alimtazama bibi yake usoni. "Endi, endi!"

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili, na aliyemfundisha hakuwa mimi. Bwana Ramadhani aliangua kicheko, akajaribu kukizuia, akashindwa, na machozi yakamtoka. Bi Zuhura alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Halafu yule mwanamke wa Ujiji, aliyenunua maharage na ndizi za Waha sokoni maisha yake yote, alikusanya kanga yake, akachutama kwenye mkeka kwa magoti yake mabovu, akapiga makofi na kusema, "Mwakeye, mjukuu wangu." Kiha chake kilikuwa safi kuliko changu. Akauliza habari za kuku, akauliza habari za mayai, na Sefu akamjibu kila swali kwa neno lile lile moja. "Lakini na Kiswahili mtamfundisha," alituambia akiwa bado amechutama, maana hakuwa mtu wa kushindwa moja kwa moja.

Aliondoka baada ya siku mbili, mkoba umejaa maharage. Tulirudi kutoka kumsindikiza, nikaenda dirishani kwangu, nikajifanya naandika. Jikoni Mama Sefu alikuwa amewasha moto na kumkalisha mwanawe karibu. Hakuwa akinong'ona tena kwa kuogopa duka. Alikuwa akimweleza kila kitu mkono wake ulichogusa, na mtoto akimkatiza, na yeye akingoja amalize ndipo aendelee. Alikuwa na maneno ya miaka miwili na nusu ya kumwambia, na siku ile alianza na chumvi.